Nyimbo za Mwaka za Wamalawi wa Oxon Hill

Mpaka leo nikiingia ukumbini, kitu cha kwanza kukitafuta ni soketi za umeme. Bibi arusi nitamwona baadaye, keki nitaila baadaye. Wajukuu zangu wananicheka. "Bibi, siku hizi spika zina betri!" Haya, sawa. Ila siku betri itakapokata roho mama mkwe akiwa katikati ya kucheza, msinipigie simu, mimi nimestaafu.

Nyinyi vijana mnaoshika udijei siku hizi nawapenda, na hapa nazungumza na nyinyi, ingawa najua mnasoma huku mmeziba sikio moja kwa kile kidude cha muziki. Nyimbo zote za dunia mnazo kwenye simu. Mtu akitaja wimbo, kabla hajafunga mdomo umeshaanza. Sisi wimbo tuliungoja uwanja wa ndege. Ulikuja kwenye kaseti, umeviringishwa ndani ya soksi kwenye sanduku la mtu, pamoja na dagaa na unga, na wakati mwingine ulinukia dagaa hivyo hivyo hadi siku ulipokatika.

Jina langu la kazi lilikuwa Dijei Mama. Jina la nyumbani ni Mama Atupele, mzaliwa wa Kyela. Nilikuwa nikikaa Springfield, Virginia, na kwa miaka mingi nimepiga muziki kwenye sherehe za watu wetu pande zote za Washington: Wakenya wakimaliza masomo ya unesi, Wazanzibari wakioza, Wakongo wakibatiza, Watanzania wenzangu wakitafuta sababu yoyote ile ya kuchoma nyama. Watu wanauliza mwanamke wa Kinyakyusa aliingiaje kwenye kazi hiyo enzi zile. Nawaambia niliingizwa na Wazanzibari.

Ilikuwa hivi. Aliyekuwa akipiga muziki ni Papaa Kabeya, Mkongo wa Lubumbashi, mwenye chumba cha vyombo vya muziki chini ya saluni moja ya Columbia Heights, Washington. Mimi nilikwenda pale kusuka nywele tu. Siku moja akaja bibi mmoja wa Unguja, anaoza binti yake, anataka muziki kwenye sherehe ya wanawake. Papaa Kabeya akasema atakuja mwenyewe na mashine zake. Yule bibi akamtazama toka juu hadi chini, akamwambia, "Mwanamme hapiti mlango ule, labda upite maiti." Papaa akashika kiuno, akatazama huku, akatazama kule, akaniona mimi na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. "Weye mama, unajua kubonyeza?" Nikasema nabonyeza pasi na jiko. Basi akaniambia inatosha.

Alinifundisha wiki ile yote. Sikusahau kitu alichosema siku ya kwanza, na kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. "Mama, muziki haiko mu mashini. Iko mu miguu ya batu. Hapana angalia mashini, angalia miguu. Muntu akikala, ni weye umemukalisha. Badilisha mbio-mbio!" Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu nzima ya udijei. Mtu akikaa, kosa ni lako, badilisha wimbo. Nimeishi kwa neno hilo na limenilisha, na kwenye sherehe ya yule bibi wa Unguja walicheza mpaka vikuku vikakatika.

Mengine nilijifunza kwa kuungua. Kaseti iliyolala ndani ya gari mwezi wa Desemba usiitie kwenye mashine moja kwa moja, itatafunwa. Iweke kwanza kifuani, ndani ya nguo, mpaka ipate joto lako. Ndiyo, mtu alinikuta ukumbini nimejaza kaseti kifuani akadhani naiba. Kichwa cha mashine kifute kwa pamba na spiriti kabla ya kila shughuli. Na kaseti iliyorekodiwa nyumbani kutoka redioni, isikilize kwanza peke yako. Maana kule betri zikiwa zimechoka, mkanda unakwenda polepole wakati wa kurekodi, halafu huku ukiupiga kwenye umeme wa Marekani unakimbia, mwanamume mwenye ndevu zake anaimba kama kifaranga. Nilinunua mashine yenye kitufe cha kupunguza mwendo kwa sababu hiyo tu, na asilimia kubwa ya nyimbo zilizohitaji kitufe kile zilikuwa za Malawi.

Sasa ndiyo nifike kwa Wamalawi wangu.

Mtu wa Kyela akivuka mto Songwe yuko Malawi, na huko anasikia lugha ileile ya bibi yake. Redio ya kwanza niliyoijua utotoni ilikuwa inashika Malawi vizuri kuliko Dar es Salaam. Kwa hiyo Wamalawi wa Maryland walipokosa mpiga muziki, wakasikia kuna mama wa Springfield anayejua kutofautisha wimbo wa Mzuzu na wimbo wa Blantyre, wakaniita. Aliyepiga simu alikuwa Mai Tamandani. "Mai" kwao ni kama sisi tunavyosema Mama. Alikuwa mkuu wa akina mama wao, anatunza wazee kwenye nyumba moja pale Oxon Hill, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto bila simu. Kiswahili alikipata Dar alikosomea unesi zamani, akakichanganya na Kichewa chake, na ukikosa kumwelewa hilo lilikuwa tatizo lako.

Kazi ya kwanza niliyowafanyia niliharibu kabisa. Niliwapigia rumba ya Kongo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu rumba hainiangushi. Walicheza, watu wa adabu wale, lakini walicheza kama watu wanaosubiri basi. Mai Tamandani akaja mezani kwangu na sahani ya nsima, ambayo ni ugali tu msidanganyike, akaiweka mbele yangu. "Mai Atupele, kula. Muziki wako ni mzuri sana. Mwakani utapiga wa kwetu." Alisema kwa upole, nami nikataka ardhi inimeze.

Ndipo nikajua habari ya nyimbo za mwaka. Kila mwaka unapokaribia kwisha, Wamalawi wa eneo letu hukutana Jumamosi moja mchana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, Oxon Hill. Kila mtu na chungu chake. Na kazi ya dijei ni moja: apige nyimbo za Malawi zilizopendwa mwaka ule, akianzia ile ya chini, apande mpaka ile ya juu kabisa. Kura hakuna, karatasi hakuna. Kura ni sahani. Mwaka mzima, kwenye kila shughuli yao, nilikuwa natazama ni wimbo gani unamfanya mtu aweke sahani chini. Wimbo ambao mtu anautikisia kichwa huku anatafuna, huo ni mzuri. Wimbo ambao anaweka sahani kwenye kiti na kuinuka na mkono wenye mchuzi, huo ni wa mwaka. Na ole wangu nikosee mpangilio, maana watu wa kaskazini wataniuliza, na wa kusini wataniuliza, na Mai Tamandani ataniuliza kwa sauti ile.

Mwaka ninaotaka kuwasimulia, kuelekea mwisho wa ile miaka ya tisini, nyimbo zilikuwa kali sijapata kuona. Kulikuwa na ule wa vijana wa banjo ya bati, wanamsema mama mkwe aliyekuja kusalimia wikiendi moja akahamia. Huo wanaume walikuwa wanaucheza wakiwa wametazama chini ili wake zao wasiwaone wakicheka. Kulikuwa na kwaya ya akina mama, sauti tupu na ngoma moja, huo hata mimi nikiupiga nilikuwa nasahau kutazama vyombo. Kulikuwa na rege ya bei ya mahindi, ya mtu anayeongea na gunia kama anambembeleza mchumba. Na juu ya zote kulikuwa na ule tuliouita Wimbo wa Njia.

Wimbo wa Njia ulikuwa rahisi tu. Mtu anasafiri toka Karonga, kaskazini, anashuka na nchi nzima hadi Blantyre, na kila anapopita anasalimia. Mzuzu, hamjambo. Kasungu, hamjambo. Dedza, baridi yenu vipi. Basi ukumbini kila mtu anangoja kwao kutajwe. Kukitajwa Ntcheu, wa Ntcheu wanaruka kama wamekanyaga moto, wengine wanawapisha. Katikati, kabla hajafika Zomba, muimbaji ananyamaza na gitaa linasafiri peke yake. Jamani, gitaa lile! Lilikuwa linaongea, linacheka, linapanda mlima, linateremka. Sijui muziki wa kusoma, lakini najua kitu kinachonisimamisha malaika.

Aliyeniletea kaseti ile ni Bambo Kondwani. Bambo ndiyo baba, ni heshima yao kwa mwanamume mtu mzima. Huyu alikuwa jirani yangu Springfield, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, shifti ya usiku. Zamani aliishi Mbeya, Mwanjelwa, akiuza redio, kwa hiyo Kiswahili tulikuwa tunapiga bila taabu, na tukikichoka tunapiga Kinyakyusa kidogo. Aliniletea kaseti mwezi wa tano akiwa anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Dada, sikiliza gitaa hilo. Unajua ni nani?"

"Sijui, nani?"

"Yamikani. Mdogo wangu, tumbo moja. Nyuzi za gitaa hilo nazituma mimi toka hapa!"

Na kweli alikuwa anamtumia. Kila mtu wa Malawi aliyekwenda nyumbani likizo alikuwa anatafutwa na Kondwani na bahasha ya nyuzi. Mwaka mzima ule wimbo ukipigwa, alikuwa hachezi kwanza. Anazunguka ukumbi mzima anagusa watu mabega, "Ndugu yangu huyo, ndugu yangu huyo," mpaka Mai Tamandani akawa anamwambia, "Tumesikia Bambo, hata kanisani tumesikia." Wakati wa kuchagua nyimbo za mwaka sikuhitaji kufikiri. Wimbo wa Njia ulikuwa juu, na wa pili wake ulikuwa mbali sana.

Siku moja kabla ya sherehe, Ijumaa asubuhi, nilikuwa nafuta vichwa vya mashine sebuleni, mlango ukagongwa. Kondwani, bado na nguo za kazini. Nikamwambia ingia, chai iko jikoni. Hakuingia. Alisimama pale mlangoni na baridi ile yote inaingia ndani.

"Dada, Yamikani amefariki."

Pamba ikanidondoka. Nikamvuta ndani, nikamkalisha. Homa, akasema, na habari alizipata jana yake. Aliugua siku chache tu, walidhani ni malaria ya kawaida. Wanazika kesho. Nikamuuliza utakwenda, halafu nikajuta kuuliza, maana jibu nililijua. Makaratasi yake yalikuwa bado kwa wakili. Akitoka Marekani, kurudi hakuna, na huku ndiko anakolishia nyumba nzima ya kwao. Alikuwa anaongea polepole, macho makavu kabisa, anatazama kaseti zangu zilizopangwa mezani.

"Mai Tamandani anajua?" nikamuuliza.

"Hajui. Hakuna anayejua. Na wewe usimwambie mtu."

"Kondwani! Msiba unafichwa?"

Akanishika mkono. "Dada, kwetu kukiwa na msiba muziki hakuna mpaka mtu azikwe. Ukimwambia Mai Tamandani leo, sherehe imekufa. Watakuja kwangu, watakaa kimya, watapika, watakwenda zao. Na wimbo wake hautapigwa, na ukipigwa tena mwaka ujao utakuwa umezeeka. Yamikani hakuwa mtu wa kimya. Nataka nisikie watu wakimcheza. Mara moja tu. Kesho jioni nitawaambia mwenyewe, wakinitukana wanitukane."

Sasa mimi nifanyeje? Kwetu Wanyakyusa wazee wa zamani walikuwa wanacheza ngoma msibani, na wanacheza hasa, kwa hiyo moyo wangu haukuona ubaya. Ila sherehe si yetu, na Mai Tamandani si mtu wa kuchezewa. Nilijua akigundua kwamba nimepiga muziki juu ya maiti, sitapiga tena Oxon Hill, na ubaya zaidi, Kondwani hatasalimiwa na mtu. Watu wenyewe ni wachache, huku ugenini ukitengwa na wenzako unamwendea nani? Lakini nilimtazama macho yale makavu. Nikamwambia, "Sawa. Nitaupiga." Sikulala vizuri, nawaambia ukweli.

Jumamosi nikavuka daraja la Potomac mapema na vyombo vyangu nyuma ya gari, kaseti ya Wimbo wa Njia nikiwa nimeiweka kifuani tangu nyumbani. Ukumbi ukajaa mchana ule. Vyungu, vitenge, watoto wanaokimbizana kwa Kiingereza, mama zao wanawaita kwa Kichewa. Kondwani alikuja na suti. Alikuwa anacheka na kila mtu, anacheka sana, anabeba viti vya watu, anajaza maji glasi ambazo zimejaa. Mimi mwenzenu nilikuwa natoka jasho jembamba nyuma ya meza.

Nikapiga mahindi. Nikapiga kwaya ya akina mama, wenyewe wakaipokea wakaiimba kuliko kaseti. Nikapiga mama mkwe, mzee mmoja akacheka mpaka akakaa. Kisha nikainua mkono, kama tulivyozoea, na ukumbi mzima ukapiga kelele maana kilichobaki kila mtu anakijua. Nikatia kaseti, nikabonyeza.

Wakati uleule akaingia bwana mmoja aliyechelewa, koti bado mwilini. Akaenda moja kwa moja hadi dirisha la jiko alikokuwa Mai Tamandani, akamwinamia sikioni. Nilijua. Bwana yule alikuwa na jamaa Blantyre, na kadi za simu za kukwangua zilikuwa hazimtoki mfukoni. Mai Tamandani akaweka mwiko chini. Akamtazama Kondwani, ambaye alikuwa katikati ya watu anacheza kwa nguvu zote, mikono juu, Karonga imetajwa. Kisha akanitazama mimi. Weee! Nimetazamwa na watu wengi, lakini vile sijatazamwa tena.

Akatoka jikoni anafuta mikono. Akapita kwa wanawake, anawaambia neno moja moja. Akafika katikati ya ukumbi, akavua viatu, akafungua kitenge cha mabegani akakitandika, akakaa sakafuni, miguu ameinyosha mbele. Mwanamke wa pili akakaa. Wa tatu. Hata mabinti waliozaliwa huku, wasiojua kinachoendelea, mama zao wakawavuta wakakaa. Wanaume wakaanza kuchukua makoti. Wakatoka nje mmoja mmoja, kwenye baridi, kwenye maegesho ya magari.

Mimi nikaona kitu kimoja tu: watu wamekaa. Ukumbi mzima umekaa na nusu umetoka! Shule yangu yote ya Papaa Kabeya ikapiga kelele kichwani, mkono ukaenda wenyewe kwenye kitufe. Nizime, niweke kitu kingine, niombe radhi, nife, sijui.

"Usiguse!"

Sauti ile ilinifikia pale pale. "Mai Atupele, usizime. Ongeza. Wanaume wako nje, hawasikii."

Kwanza sikuelewa. Halafu nikawaona wale wanawake sakafuni, bega kwa bega, na wale wanaume kupitia dirishani, wamesimama kwenye baridi, na nikakumbuka misiba niliyoihudhuria ng'ambo ya Songwe nikiwa msichana. Wanawake ndani, chini. Wanaume nje. Hawakuwa wameukataa wimbo. Walikuwa wameketi msibani. Nikaongeza sauti, nikaishika spika moja kwa mikono miwili nikaigeuza, nikaielekeza mlangoni, na mlango nikausukuma ukabaki wazi na baridi yote ikaingia.

Kondwani alikuwa amebaki peke yake katikati, amesimama, mikono bado iko nusu juu. Alikuwa anageuka huku na huku. Gitaa likaanza kusafiri peke yake. Mikono ikashuka. Akatoka nje polepole, na nikaona wale wanaume wanamfungulia nafasi, wanamzunguka, halafu sikumwona tena, nilisikia tu. Macho yalikuwa yamepata maji. Alilia, vijana wangu, kilio kile cha mwanamume aliyekizuia tangu juzi, na wanaume wakawa wanaitikia kwa chini, "Pepani, pepani," ambalo ndilo pole lao. Mimi nililia nyuma ya mashine, sikuona hata taa zake.

Wimbo ulipokwisha akina mama wakaanzisha pambio la kwao la msiba. Baadaye Mai Tamandani akaagiza wanaume waingie, wasije wakafia pale nje wakaongeza kazi. Kondwani akaingia mbele, kichwa chini.

"Wamemzika saa ngapi?" Mai Tamandani akamuuliza, bado amekaa chini.

"Saa tisa alasiri. Ya kule."

Mai Tamandani akainua macho kwenye saa ya ukutani. "Kule sasa ni usiku. Ndugu yako amekwisha kulazwa kabla sisi hatujawasha magari. Sasa wewe ulikuwa unaficha nini?"

Kondwani akaigeukia saa ile naye, akaanza kuhesabu kwa vidole. Maskini, tangu Alhamisi alikuwa anahesabu msiba wake kwa saa ya Marekani. Aliona sherehe yake mchana, maziko yao mchana, akadhani vinagongana. Na mimi niliyekuwa naishi kwa saa mbili, ya huku na ya nyumbani, kila siku ya Mungu, sikuwaza hata mara moja.

"Jana ulikula nini?" Mai Tamandani akaendelea.

"Sijala, Mai."

"Juzi?"

Akatikisa kichwa.

"Unaona? Hilo ndilo kosa lako, si muziki. Umetunyima msiba. Umekaa peke yako Springfield na msiba mzima kama mtu asiye na watu. Sisi ni akina nani wako?" Akanigeukia mimi. "Na wewe ulijua."

"Nilijua, Mai."

Akanisonya, fyoo moja ndefu ambayo nadhani ilisikika hadi Virginia. Kisha akanyoosha mkono, akavutwa, akainuka. "Leteni ufagio."

Kwao maziko yakishapita nyumba hufagiwa, na hapo ndipo watu wanaruhusiwa kurudi kuishi. Ufagio wa kanisa ulikuwa kwenye kabati la ngazi. Akina mama wakafagia ukumbi ule kuanzia walipokuwa wamekaa hadi mlangoni, wanapokezana, hata palipokuwa safi, vumbi wakalitupa nje kwenye baridi. Mwingine akamshika Kondwani akamweka kitini, akampa nsima na samaki, akamsimamia mpaka akala. Nilikuwa naanza kukunja waya zangu kimya kimya, nikijua kazi yangu pale imekwisha.

"Unakwenda wapi?" Mai Tamandani akaniuliza, ufagio mkononi. "Amezikwa. Nyumba imefagiwa. Mwaka una wimbo wake, haya, upige!"

Nikaurudisha mkanda mwanzo. Safari hii Karonga ilipotajwa walipiga kelele watu wote, na wasiokuwa wa Karonga, na Kasungu wote, na Dedza wote. Sijaona ukumbi ukichezwa vile, na nimeona kumbi. Kondwani hakucheza. Alikuja taratibu akasimama kando ya meza yangu, akainama, akaweka sikio karibu kabisa na spika. Gitaa likaingia, likapanda, likateremka, na ghafla akanishika bega.

"Umesikia? Hapo! Hapo Yamikani amekosea!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka hadi kwenye tai. "Nilimwambia kwenye simu, kidole chako kimeteleza hapo. Akakataa kabisa, kaka wewe husikii vizuri. Loo, mbishi yule! Rudisha, dada. Nirudishie pale alipokosea."

Watu walikuwa wako katikati ya kucheza. Nikaurudisha.